Gilgil: Mji ambako bibi harusi ana bei kuliko mbuzi

KAMA unadhani harusi kubwa ni zile za Sinza na Tabata, zenye kamati ya watu hamsini na mchango wa lazima, pole sana msomaji wangu. Harusi kubwa kuliko zote haina kadi, haina MC, wala haina mtu wa kukufuata ofisini na daftari la ahadi. Inafungwa hewani, baada ya mvua. Wageni ni maelfu kwa maelfu. Bwana harusi anakufa hata kabla picha hazijasafishwa. Bibi harusi naye anavua shela kwa miguu yake mwenyewe, anachimba shimo, anajifungia ndani na hatoki tena.

Nazungumzia sisimizi. Usicheke bwana! Harusi hii ya wadudu, mwaka 2025, iliwafikisha watu wanne mahakamani Nairobi, na walipotoka huko kila mmoja alikuwa anadaiwa faini ya shilingi milioni 1 za Kenya. Kwa hela zetu za Bongo ni kama milioni 20. Sasa bado unacheka?

Basi wiki hii safu yetu ya matembezi inavuka Namanga na kukupeleka Gilgil, mji mdogo wa Bonde la Ufa, ambako bibi harusi mwenye miguu sita ana bei kuliko mbuzi beberu.

BARABARA YA JUU

Ukishafika Nairobi, shughuli ni ndogo. Tafuta matatu za kwenda Nakuru, mwambie kondakta unashukia Gilgil. Ni kama kilomita 120 hivi. Hakikisha gari linapita barabara ya juu, ya Limuru, halafu gombania siti ya dirishani upande wa kushoto. Usikubali kukaa kulia, hata kama jirani yako ni mrembo namna gani.

Kwa nini kushoto? Kwa sababu ghafla, baada ya mashamba ya chai na ukungu wa Limuru, dunia inakatika. Chini kule unaona Bonde la Ufa lote limelala kama mkeka, na katikati yake Mlima Longonot, mita 2,776, wenye shimo kubwa kileleni kama jino lililotoboka. Pembeni mwa barabara wanauza ngozi za kondoo na makofia ya manyoya. Wabongo wengi tukifika hapo tunatetemeka kwa baridi huku tunajifanya tunapunga upepo.

Mbele kidogo unaiona Naivasha na ziwa lake, halafu ndiyo Gilgil. Mji wenyewe si wa fujo. Una kambi za jeshi, una chuo cha vijana wa huduma kwa taifa, una makaburi ya askari wa vita za wakoloni yaliyotunzwa nyasi zikakatwa sawasawa kama kichwa cha kuruta. Uko juu ya usawa wa bahari kwa kama mita 2,000, kwa hiyo asubuhi ukizungumza, moshi unatoka mdomoni. Chai yao ni ya maziwa mazito, na mandazi yao ukila mawili umeshiba hadi saa nane.

Wengi hupita hapa bila kushuka, wanawahi Nakuru. Ndiyo makosa yao. Ukivuka mji kidogo unakuta Kariandusi, mahali ambapo Louis Leakey, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuta mashoka ya mawe ya watu wa kale. Chini yake linang'aa Ziwa Elmenteita na heroe wake, ambalo mwaka 2011 liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Lakini mimi sikwenda kutazama heroe. Nilikwenda kutazama chini.

SIAFU AU SISIMIZI?

Hapa panataka ufafanuzi kidogo. Magazeti ya Kenya yaliandika 'siafu'. Sisi wengine tukisikia siafu tunawaza wale wa msafara mrefu, wanaoingia kwenye banda la kuku usiku na kuacha manyoya tu. Siyo hao. Na wala si kumbikumbi, maana kumbikumbi ni mchwa mwenye mbawa, ukoo mwingine kabisa, japo naye harusi yake ni hiyo hiyo ya mvua.

Huyu wa Gilgil ni sisimizi mvunaji. Wataalamu wanamwita Messor cephalotes. Kazi yake ni kuokota mbegu za majani, kuzibeba hadi nyumbani, kuzimenya na kuzitia ghalani chini ya ardhi. Njaa ikija, yeye anatafuna akiba. Malkia wake ni jitu: zaidi ya sentimita 2 kwa urefu, kichwa kikubwa, rangi ya wekundu na weusi. Ukimweka kwenye ukucha wa kidole gumba, ukucha hautoshi.

Nyumba yake utaitambua bila kufundishwa. Usitafute kichuguu kirefu. Tafuta uwanja wa nyasi, halafu angalia sehemu iliyobaki wazi, na pembeni mwa matundu kuna makapi yamemwagwa, kama vile mtu amepepeta mtama hapo jana. Hayo ndiyo maganda ya mbegu. Ukiona makapi, umefika ukweni.

HARUSI YENYEWE

Nilifika Aprili, masika imeshika kasi. Usiku mvua ilinyesha ile mbaya, bati la gesti lilipigwa mpaka nikadhani linang'oka. Alfajiri ikakatika. Hewa ikatulia tuli, unyevu kila mahali, jua likaanza kupenya.

Hiyo ndiyo saa yenyewe. Harusi nyingi za sisimizi zinataka mambo hayo: ardhi iliyolowa ili ichimbike, hewa yenye unyevu ili wasikauke, na upepo mdogo ili wasipeperushwe hovyo. Jambo la ajabu ni kwamba nyumba nyingi hufungua milango kwa wakati mmoja. Hakuna aliyepiga simu. Na sababu yake ni ya maana sana: binti wa nyumba hii akutane na kijana wa nyumba ile, wasije wakaoana ndugu kwa ndugu.

Nilikuwa nimesimama pembeni mwa shamba la mzee mmoja, baada ya kubisha hodi na kuomba ruhusa.

"Shikamoo mzee," nilimwambia.

"Mzuri sana kijana," akajibu, akanitazama juu hadi chini. "Wewe ni wa Tanzania, ama?"

"Ndiyo mzee."

"Salamu imekuuza. Haya, angalia tu. Lakini chupa, uko nayo?"

Nikamwonyesha mfuko: daftari, kalamu na kioo cha kukuzia. Akatikisa kichwa, akacheka, akaniacha nipite.

Kwanza walitoka vibarua, wale wadogo wasio na mbawa. Wakazunguka mlangoni kama mabaunsa wa disko. Halafu wakatoka madume, wembamba, vichwa vidogo, mbawa kubwa. Mwisho wakatoka mabinti wenyewe, wazito, wanang'aa, wanapanda kwenye jani la nyasi, wanateleza, wanapanda tena, halafu huyooo! Mmoja akaruka, wa pili, wa kumi. Kabla sijamaliza kuhesabu, hewa yote ilikuwa inameremeta. Ndege nao walishapata habari. Walikuwa wanajisevia angani bila kulipa.

Vijana wenzangu, sikilizeni mkasa wa dume la sisimizi. Kwanza, hana baba. Ndiyo, hana baba lakini babu anaye! Dume huanguliwa kutoka yai ambalo halikurutubishwa, kwa hiyo mama yake ndiye mzazi wake pekee, ingawa mama huyo alikuwa na baba. Pili, nyumbani hafanyi kazi yoyote. Hali shambani, habebi mzigo, hapigani. Analelewa kwa ajili ya siku moja tu, na siku hiyo ikipita, amekwisha. Baada ya saa chache unawaona chini wamelala chali, mbawa zimetanuka. Kina dada mlio na mabwana wa aina hiyo mnajua wenyewe la kufanya.

Bibi harusi ndiye mwenye hadithi. Akishashuka chini anazing'oa mbawa zake kwa miguu, moja baada ya moja, anaziacha pale kama viatu mlangoni. Mbegu za kiume alizopata siku hiyo anazitunza tumboni, na zitamtosha maisha yake yote. Hataolewa tena. Anachimba shimo, anaziba mlango, anataga. Hali kitu. Ile misuli minene ya kifuani iliyokuwa inapiga mbawa, mwili unaiyeyusha na kuifanya chakula chake na cha watoto wake wa kwanza. Watoto hao wakishakua ndio wanaofungua mlango na kwenda kutafuta mbegu.

Akibahatika, ataishi miaka mingi. Malkia mmoja wa sisimizi weusi wa Ulaya aliyefugwa aliishi zaidi ya miaka 28. Lakini wanaobahatika ni wachache sana. Wengi wanaishia kwenye midomo ya ndege, mijusi na sisimizi wengine kabla hata shimo halijafika kina cha kidole.

BOSI, UNANUNUA?

Narudi barabarani, viatu vimejaa tope, kijana wa bodaboda ananisimamia.

"Boss, unatafuta siafu?"

"Natafuta kuangalia tu, ndugu yangu."

"Watu hawatoki mbali hivyo kuangalia," akasema, halafu akapunguza sauti. "Wewe ni wa KWS, ama wewe ni mnunuzi?"

Nikamwambia mimi ni mwandishi. Hakuamini sana, lakini alinipakia. Njiani akafunguka. Kazi hapa ni kidogo, alisema. Mtu akija na hela mkononi, akikuonyesha kichupa na kukuambia ujaze wadudu ambao umewakanyaga tangu utoto, utamuuliza maswali? "Mtu alikuwa anajua kupora pembe ya ndovu ni makosa. Lakini siafu? Nani alijua siafu ina askari?"

Swali lake lina uzito. Ili ulielewe, inabidi uende mbali kidogo, huko kwa wazungu.

Kule Uingereza harusi hii huwa ya kiangazi. Mwezi wa Julai na Agosti, siku ya joto isiyo na upepo, sisimizi weusi wa bustanini wanajaa angani mpaka inakuwa gumzo la nchi. Mwaka 2018 waliwavamia wachezaji wa tenisi uwanjani Wimbledon. Mwaka 2020 walionekana kwenye rada ya watabiri wa hali ya hewa, kama vile mvua inanyesha kumbe ni mbawa.

Siku hizo kuna vijana, tena wa mjini kama wewe, wanaotembea wakiinamia lami. Wanatafuta malkia aliyekwisha ng'oa mbawa. Wanamjua kwa kifua chake kinene na makovu mawili matatu ya mbawa. Wanamtia kwenye kichupa cha maabara chenye maji kidogo nyuma ya pamba, wanamweka gizani kabatini, na baada ya wiki chache wana familia nzima ya kufuga. Wenzetu wana maduka kabisa ya nyumba za vioo za sisimizi. Kwa mtoto anayejifunza, starehe hiyo haina ubaya. Mdudu ni wa hapo hapo, amezaliwa hapo, atafia hapo.

Ubaya unaanza pale mfugaji anapochoka na wa bustanini kwake. Anataka mkubwa, mwekundu, wa Afrika. Hapo ndipo mvunaji wa Gilgil anapoingia kwenye katalogi. Wakati wa kesi ya 2025, bei ya malkia mmoja huko Ulaya ilitajwa kufika hadi dola 220. Hapo mbuzi wa Gilgil kaa pembeni!

KESI YA VICHUPA

Aprili 2025, Wabelgiji wawili wenye umri wa miaka 19 walikamatwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha, hapo jirani. Walikutwa na sisimizi kama 5,000, malkia, ndani ya vichupa 2,244. Kila kichupa kina pamba na unyevu, mdudu angeweza kuishi humo miezi miwili bila shida. Mizigo ya namna hiyo haina harufu wala haina kelele, na mlinzi wa uwanja wa ndege anatafuta meno ya tembo, hatafuti pamba.

Katika kesi nyingine iliyosikilizwa sambamba, walikamatwa Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja wakiwa na sisimizi kama 400. Wote wanne walikiri. Wale vijana walijitetea kwamba ilikuwa starehe tu, hawakujua ni kosa. Mei 7, 2025 mahakama ikasema hapana, idadi hiyo si ya starehe. Hakimu akafika mahali pa kufananisha mambo haya na biashara ya utumwa: kiumbe kinatolewa kwao kwa nguvu, kinapakiwa na wenzake kwenda mbali. Faini, shilingi milioni 1 kila mmoja, au jela miezi 12.

Umeona hapo? Kila mmoja. Mzungu aliyetoka na tikiti yake ya ndege, na Mkenya wa hapo hapo, mzani ule ule. Tofauti ni kwamba dola 220 ni bei ya dukani Ulaya, si ya shambani Gilgil. Faida inakaa huko juu, faini inashuka hadi chini. Yule kijana wa bodaboda, kama angejaza vichupa mwaka ule, angeitoa wapi milioni?

KWANI SISIMIZI KITU GANI?

Najua kuna msomaji anasema: si umesema mwenyewe wengi wanaliwa na ndege? Sasa mzungu akichukua elfu tano kuna hasara gani?

Hasara ipo. Ndege anakula anayemkuta, anashiba, anaondoka. Mtu hashibi. Anarudi msimu baada ya msimu, shamba lile lile, akichagua malkia tu. Na kila malkia ni mji mzima ambao haujajengwa: maelfu ya vibarua ambao wangesambaza mbegu na kugeuza udongo, na kulisha wanaowala. Malkia mzee akifa nyumba haina mrithi. Mji unakwisha pamoja naye. Wa kujenga mji mpya jirani ni huyu binti wa leo, ambaye yumo ndani ya kichupa.

Tena kuna upande wa pili, wa kule anakokwenda. Sisimizi akitoroka ugenini anaweza kuwa balaa. Mfano upo hapo hapo Kenya, Laikipia, kwenye hifadhi ya Ol Pejeta. Huko waliingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua sisimizi wenyeji waliokuwa wanaishi kwenye migunga na kuilinda kwa kuwang'ata tembo puani. Ulinzi ulipokwisha, tembo wakaivunja migunga. Migunga ilipopungua, simba akakosa mahali pa kujificha amvizie pundamilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba pundamilia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba mwaka 2003, na kufikia 2020 walishuka hadi asilimia 42. Simba wamehamia kwa nyati, ambaye kila mtu anajua hauliki kirahisi.

Yaani sisimizi kambadilishia simba menyu! Halafu mtu akuambie sisimizi si kitu?

UKITAKA KWENDA

Nenda kati ya Machi na Mei, mvua za masika. Chukua sweta, hata kama wewe ni mtoto wa mjini usiyevaa sweta. Chukua viatu vya kufunika vidole, maana vibarua wa mvunaji wana taya za kupasulia mbegu na hawachagui kidole. Lala mjini Gilgil au Naivasha, amka mapema siku iliyofuatia mvua ya usiku, tembea kwenye nyasi fupi ukitazama makapi. Shamba lina mwenyewe, kwa hiyo bisha hodi kwanza. Salamu ndefu ya Kitanzania itawachekesha, lakini inafungua milango.

Chukua kioo cha kukuzia, chukua kamera. Kichupa acha nyumbani. Kenya ina sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, na baada ya kesi ile hakuna tena wa kusema hakujua. Wenyeji nao wamekuwa macho. Mgeni anayeinama inama shambani asubuhi anaulizwa, na ni haki yao kuuliza.

Kama nauli ya Gilgil haipo, usihuzunike. Siku mvua ikikatika hapo kwako Mbagala au Kimara, toka nje, tazama ukutani karibu na taa, tazama kwenye ufa wa baraza. Utawaona wenye mbawa wanatoka. Ukimkuta mmoja mnene anazing'oa zake, msogezee jani apite asikanyagwe. Ana safari ya kuchimba usiku huo huo, na hana kamati ya kumsaidia.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo panapo majaliwa tutakutana kwingine. Jioni njema, na michango ya harusi msisahau kulipa.